Mashine Mbili, Anwani Moja

Wadudu wa ziwani walikuwa wameingia tena. Anayeishi Mwanza anawajua. Wanainuka juu ya maji kama moshi wa nyasi zinazoungua, na upepo ukiwasukuma nchi kavu wanatua kwenye kila kitu chenye mwanga. Asubuhi unawakuta wamekufa marundo kwa marundo, wepesi kama pumba, wananuka samaki aliyelala. Siku ile walijaa kwenye kingo za dirisha la ofisi yangu, kwenye kikombe nilichokuwa nimekisahau mezani, na katikati ya vitufe vya kompyuta. Nilipokaa kwenye kiti nikasikia kitu kikipondeka chini yangu. Nikaruka, nikajikung'uta sketi, na kabla sijakaa tena meneja alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Karatasi za mzigo ziko wapi?"

"Nimeshazituma kwenye printa, bosi. Haitoi."

"Haitoi nini?"

"Haitoi kitu chochote."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewaita wale wadudu.

Nilikuwa katibu muhtasi katika kiwanda cha minofu ya sangara, upande wa Igogo, karibu kabisa na maji. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, na ufukwe uliokuwa wa mitumbwi na wanawake wanaofua ukaanza kuota kuta ndefu nyeupe zenye mageti. Mbele ya kiwanda chetu kulikuwa na ofisi, zenye vigae, mapazia na maua ya plastiki. Katikati kulikuwa na ukumbi wa kuchuna minofu, baridi kama jokofu, watu wamevaa meupe mwili mzima. Nyuma kulikuwa na uwanja wa mapanki.

Mapanki ni mifupa ya sangara, kichwa na mkia vikiwa bado vimeshikana nayo, baada ya nyama yote kukatwa na kwenda kuliwa ng'ambo. Yalimwagwa pale nyuma kutoka kwenye matoroli, yakangoja lori la kuyapeleka kwa wakaangaji, na jua la Mwanza halingoji lori. Sakafu ya uwanja ule ilikuwa inatembea. Funza walikuwa wengi kiasi kwamba ukitazama kwa mbali uliona saruji inachezacheza. Harufu yake haikuishia puani, ilikaa kooni, na ukienda nyumbani ulikuwa unaimeza pamoja na ugali. Sisi wa ofisini tulifunga madirisha ya upande ule na kujifanya kiwanda kinaishia ukumbini. Mtu aliyemkosea meneja alipelekwa huko. Meneja hakuiita hiyo adhabu. Aliiita kubadilishiwa kituo.

Printa yetu ilikaa kwenye korido, juu ya meza yake peke yake, na ofisi zote ziliitumia. Zamani kila mmoja alikuwa na mashine yake ya taipu na kelele zake. Kisha zikaja kompyuta, akaja na fundi wa kuziunganisha kwa nyaya, na tangu hapo barua iliyoandikwa chumba chochote ilitokea koridoni. Fundi ndiye aliyenieleza inavyokwenda. Kila mashine iliyounganishwa ina anwani yake, tarakimu zilizotengwa kwa nukta, kama nyumba zilivyo na namba za viwanja. Kompyuta yangu ikitaka kuchapa, inaitafuta namba ya printa na kuipelekea kazi. Namba ikiwa na kasoro, kazi inapotea njiani. Alinionyesha pia namna ya kufungua kidirisha cheusi kwenye kompyuta, kuandika anwani ya mashine nyingine, na kuangalia kama inajibu. "Ni kama kupiga hodi," aliniambia. "Ukijibiwa, ujue kuna mtu ndani."

Fundi huyo alikuwa mchumba wangu.

Alikuwa ametokea Dar es Salaam, akafungua duka dogo mjini, na kwa kuwa wataalamu wa kompyuta Mwanza walikuwa wa kuhesabika, kila kampuni mpya ilimwita yeye. Alikuwa mtanashati, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa ameshajitambulisha nyumbani kwetu, mtaa wa Nyakato, kwa shangazi yangu aliyenilea, posa ilikuwa imekubaliwa, na shangazi alishaanza kumwita mkwe na kumwekea paja la kuku. Sitaki kujifanya kwamba nilimtilia shaka tangu mwanzo. Nilimpenda. Nilipenda alivyokunja mikono ya shati kabla ya kufungua mashine, na alivyokuwa anaongea nayo taratibu akiifungua. Nilipenda hata alivyokula samaki, akifyonza kichwa mpaka kikabaki kitupu.

Meneja alipiga simu dukani kwake, naye akaja upesi. Harufu ya manukato yake ilifika kabla yake, ikachanganyika na ya wadudu, na mchanganyiko ule ulikuwa mbaya kuliko harufu ya wadudu peke yake. Alitembea kwa ncha za viatu, leso puani, na kila hatua ilitoa mlio wa kitu kinachopondwa. Akafungua kifuniko cha printa. Ndani mlikuwa na wadudu wameokwa na joto la mashine, wameshikana na wino wa unga wakawa kama uji mweusi wenye mabawa. Kwenye kona kulikuwa na mjusi amekauka, mdomo wazi. Meneja akarudi nyuma. Mimi nilitazama pembeni.

Fundi akapuliza, akafuta kidogo, akafunga kifuniko. Kisha akabonyeza kitufe cha mbele na kukishikilia, kama alivyowahi kunionyesha, ili mashine ijichapie yenyewe karatasi ya maelezo yake. Ikajichapia. Karatasi ikatoka safi, ya moto, na anwani yake imeandikwa wazi.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaiona. Hata mimi nisiye fundi nilielewa jambo moja pale pale. Mashine inayoweza kuchapa karatasi yake yenyewe haijaharibika. Tatizo lilikuwa katikati, kati yetu na yenyewe.

Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akaenda chumba cha mhasibu, akakaa kidogo, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini kwa muda mfupi tu, kisha akaupanga upya. Akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Bosi," alisema, "nani anasafisha hapa?"

Aliyekuwa anasafisha ni mama mmoja wa makamo, mtu wa Ukerewe, mjane, ambaye ofisi nzima tulimwita mama tu. Alikuwa rika la shangazi yangu. Alivaa koti la bluu lililofifia mgongoni na alifagia kwa utaratibu, kutoka ukutani kuja mlangoni, bila kuruka kona. Alipoitwa alikuja na fagio lake mkononi, kwenye nyuzi zake wadudu wamening'inia. Aliona wanaume wawili wamekaza nyuso akashtuka. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba," alisema meneja. Huyo nilishamzoea. Aliitikia shikamoo ya kila mtu, hata ya wazee walinzi wa getini, kana kwamba cheo kilimwongezea umri.

Yule mama akamgeukia mchumba wangu. "Shikamoo."

Nilingoja akatae. Nilingoja aseme, aa, mama, shikamoo mimi kwako. Angeweza kuwa mtoto wake wa mwisho.

"Marahaba," alisema mchumba wangu, na hakumtazama hata usoni. "Mashine hii umeifanya nini?"

"Mashine ipi, baba?"

"Hii. Printa. Umeimwagia maji."

"Plinta? Mimi ile siigusi. Mimi nafagia chini. Naiogopa, isije ikanipiga shoti."

"Sasa huu uchafu uliogandiana ndani umetoka wapi?"

"Hao wadudu wanaingia wenyewe. Wameingia kila mahali. Tazama na hapa."

"Ni kweli," nilisema. "Mama haigusi printa. Naifuta mimi."

Mchumba wangu hakugeuka. "Wewe endelea na kazi yako, dia. Haya ni mambo ya kitaalamu."

Nikasema tena kwamba naifuta mimi, kwa kitambaa kikavu, na meneja akaninyooshea kidole kuelekea ofisini kwangu. Lori lilikuwa linanguruma nje, ndege ilikuwa uwanjani, na mwenye kiwanda alikuwa ameshapiga simu kuuliza. Meneja alihitaji mtu wa kumkasirikia na alikuwa ameshapewa mmoja.

"Nenda mapanki," alimwambia yule mama. "Kuanzia sasa hivi. Huku tunahitaji mtu anayejua kusoma."

Mama alisimama pale pale. Alilitazama fagio lake, akatutazama mmoja mmoja. "Fagio nimpe nani?" aliuliza.

Akaliegemeza ukutani, akalinyoosha lisianguke, akaondoka.

Mchumba wangu akarudi tena kwa mhasibu, na haukupita muda printa ikaanza kutema karatasi zangu zote nilizozituma tangu asubuhi, moja juu ya nyingine. Mzigo ukaondoka. Meneja akampiga mchumba wangu begani na kumwita mtaalamu wangu.

Mchana mchumba wangu alinichukua tukale. Kulikuwa na banda la mama ntilie kando ya maji, chakula chake kizuri, ingawa kule chini mawe yalikuwa na utelezi wa kijani na taka zilizoletwa na mawimbi. Tukaletewa sato mzima kwa ugali. Alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Nilimuuliza printa ilikuwa na nini hasa.

Akacheka. Akatazama kushoto na kulia. "Usimwambie mtu."

Jana yake mchana alikuwa amemletea mhasibu kompyuta aliyoiuza kwa kiwanda, kompyuta kuukuu aliyoipaka rangi na kuipiga polishi. Printa ilikuwa imezimwa wakati ule kwa sababu meneja aliagiza tuzime kila kitu wadudu walipoanza kusogea. Alikuwa na haraka, kulikuwa na mteja mwingine anamngoja, akaipa ile kompyuta namba ya kichwani bila kuangalia. Ilikuwa namba ya printa.

"Mashine mbili, anwani moja," alisema. "Asubuhi mhasibu kawahi kuwasha ya kwake, basi kazi zote mlizokuwa mnapeleka kwa printa zikawa zinabisha hodi kwa mhasibu. Na kompyuta yake ikamwandikia kabisa kwamba kuna mgongano. Unajua alifanya nini? Kaona Kiingereza, kabonyeza OK, kaendelea kusoma gazeti!" Akacheka mpaka akakohoa. "Nimembadilishia namba, basi, kwisha. Dakika moja."

"Kwa hiyo mama hakufanya kitu."

"Mama yupi?"

"Mama wa usafi."

"Ah." Akang'oa kichwa cha samaki. "Yule."

"Mwambie meneja. Tukitoka hapa tupite, umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nimeharibu mwenyewe halafu nimemdai na malipo ya kutengeneza? Kesho nani ataniita?" Akafyonza upande mmoja wa kichwa, kwa sauti. "Dia, biashara haiendi hivyo."

"Amepelekwa mapanki. Unapajua mapanki?"

"Atazoea. Watu wa visiwani hao, wamezaliwa na samaki. Hawasikii hata harufu."

Akalitoa jicho la samaki kwa kidole, akalitia mdomoni, akalitafuna. Mafuta yalimtiririka kwenye kidevu. Nilimwona akilisukuma lile jicho kwa ulimi kutoka shavu moja kwenda jingine, akitabasamu, nikageuza uso nikatazama maji. Si kwamba nilikasirika. Hasira ningeielewa. Ilikuwa kinyaa, kile kile nilichokihisi asubuhi nilipokalia wadudu, sasa kwa mtu ambaye shangazi alikuwa anamshonea vitambaa vya makochi. Mimi mwenyewe nimezaliwa ufukweni. Mama yangu aliyefariki alikuwa mkaangaji wa samaki. Niliisukuma sahani, nikasema sijisikii vizuri, na hilo lilikuwa kweli.

Alinishika mkono kunisaidia kusimama. Kiganja chake kilikuwa na mafuta. Nilikwenda bombani nikanawa mpaka kwenye kiwiko.

Jioni hiyo, kabla ya kutoka kazini, nilizunguka nyuma. Sikuwahi kufika kule kwa miguu yangu. Nilijifunga mtandio puani na bado macho yalinitoka machozi. Mama alikuwa na mabuti ya mpira makubwa kuliko miguu yake, koleo mkononi, anasukuma lundo kutoka pembeni kuja katikati. Korongo wa jalalani walisimama karibu naye bila woga. Funza walikuwa wamempanda mpaka kwenye magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Rudi, utachafua viatu."

Nilimwambia yote. Nilimweleza kuhusu kompyuta ya mhasibu, namba iliyorudiwa, na lile alilolisema fundi mezani. Sidhani alielewa habari za namba, lakini alielewa zilizobaki. Alisimama ameegemea koleo.

"Kwa hiyo anajua si mimi."

"Anajua."

"Alikuwa anajua wakati ule ule ananiuliza?"

"Wakati ule ule."

"Na shikamoo yangu akaipokea." Akatema mate pembeni, mbali na viatu vyangu. "Huyo ndiye wanasema atakuoa?"

Akaendelea kusukuma lundo.

Kesho yake nilimfuata meneja. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Alisikiliza huku anatia saini karatasi.

"Printa inafanya kazi?"

"Inafanya, bosi."

"Sasa shida yako nini?"

"Mama ameadhibiwa kwa kosa ambalo si lake."

"Hakuadhibiwa. Kabadilishiwa kituo." Akafungua karatasi nyingine. "Na wewe mambo yako na mchumba wako yamalizieni nyumbani. Huna ushahidi, unaniletea umbea."

Neno lile, umbea, lilinifuata mpaka mezani kwangu. Nilikaa nikitazama korido. Mhasibu alikuwa amekwenda benki na chumba chake kilikuwa wazi. Nikaingia. Ile kompyuta ilikuwa na vumbi la rangi mpya na harufu ya polishi. Nilikuwa nimemwona mchumba wangu akibadilisha anwani mara nyingi, Jumamosi alizokuwa ananiita ofisini nikae naye akifanya kazi, na nilikaa naye kwa mapenzi, nikitazama vidole vyake. Sasa nilifuata njia ile ile aliyokuwa anapita. Kwanza nilizima printa. Kisha nikairudishia kompyuta ya mhasibu namba ya printa, nikaizima na kuiwasha tena kama mashine zile zilivyotaka. Halafu nikamwita meneja.

Alikuja amenuna. Nilikwenda kwenye meza ya printa, nikachomoa plagi ukutani, nikamkabidhi mkononi.

"Shika hii, bosi."

"Ya nini?"

"Ushike tu. Printa ina umeme?"

"Haina. Si nimeshika waya wake?"

"Njoo utazame."

Waya ulikuwa mrefu wa kutosha kumfikisha mlangoni kwangu. Akasimama pale ameishika ile plagi kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine. Nikafungua kidirisha cheusi kwenye kompyuta yangu, nikaandika anwani ya printa, nikabonyeza. Mstari wa kwanza ukatokea, imejibu. Wa pili, imejibu. Wa tatu.

"Nani anajibu?" aliuliza.

Nikampeleka chumba cha mhasibu, nikachomoa waya wa mtandao nyuma ya ile kompyuta mpya. Tukarudi. Nikabonyeza tena. Safari hii hakuna kilichojibu.

"Hiyo ndiyo kompyuta aliyokuuzia juzi," nilimwambia. "Ndiyo iliyokuwa inapokea kazi za printa. Mama wa usafi yuko mapanki tangu jana. Leo nani kaimwagia maji?"

Alitazama plagi, akatazama kompyuta, akatazama plagi. Nilidhani nitaona aibu usoni pake. Kilichokuja ni hasira, na haikuwa kwa ajili ya mama.

"Kwa hiyo kanidanganya mimi," alisema. "Mimi. Na nikamlipa."

Alirudia hivyo mara kadhaa, mimi, mimi, akitembea kwenye korido na waya ukiiburuta meza ya printa nyuma yake mpaka nilipomwomba aachie. Mwishoni alisema, "Mwambie yule arudi." Nilimuuliza kama hatamwambia mwenyewe. Alishangaa kweli kweli. Hakuona kuna nini cha kumwambia.

Nilirudisha anwani sahihi, nikawasha printa, na kazi zikaendelea.

Mchumba wangu aliitwa. Nilisikia meneja akimfokea ndani mlango ukiwa umefungwa, na kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha kelele zikapungua. Kisha nikasikia kicheko, cha wote wawili, na soda zikaagizwa. Alitoka ameahidi kuiangalia bure kompyuta ya nyumbani kwa meneja. Hapakuwa na fundi mwingine wa karibu, na wote wawili walilijua hilo. Alipita mbele ya meza yangu bila kunisalimia.

Mama alirudi ofisini. Ningependa kusema alipokelewa vizuri. Alikuwa ameoga kwa ndimu na sabuni ya unga, alikuwa amechemsha nguo, lakini mapanki hayatoki kwa siku moja, yanakaa kwenye nywele na kwenye ngozi ya mikono. Wenzangu wa kike waliziba pua mbele yake. Mhasibu, yule yule wa OK, alifungua madirisha na kuomba asiingie kwake wakati wa chai. Mama alisikia. Alifagia korido, kutoka ukutani kuja mlangoni, na alipofika kwa mhasibu aliacha lundo la wadudu waliokufa pale pale kizingitini, nadhifu, kama mtu aliyeweka zawadi, akaondoka. Ndicho kitu pekee kilichonichekesha katika mkasa ule wote. Alikaa nasi mpaka mwanawe alipopata kazi ya ualimu na kumwita Ukerewe.

Mchumba wangu alikuja Nyakato siku ya mapumziko. Shangazi alimkaribisha, akatuletea chai, akatuacha sebuleni ingawa nilijua yuko nyuma ya pazia.

"Umenivunjia heshima kwa mteja wangu," alisema.

"Nilikuomba useme mwenyewe. Ukakataa."

"Kwa ajili ya mfagizi?"

"Ulimwitikia marahaba."

"Nini?"

"Yule mama alikupa shikamoo kwa woga, na wewe ukaitikia, huku unajua unamsingizia."

Alinitazama akijaribu kweli kuelewa. Nilimwona anatafuta. "Unaniacha," alisema mwishowe, "kwa sababu ya neno marahaba?"

Alinyanyua kikombe akanywa, na nikasikia alivyokuwa anaivuta chai kwa midomo, na mwili wangu ukajikunja wenyewe kwenye kochi. Nikajua kwamba siwezi. Hata kama angeomba radhi, nisingeweza kulala chumba kimoja na sauti ile. Nilimwambia hivyo, si kwa maneno hayo, kwa maneno ya heshima zaidi. Aliondoka akasahau moja ya kalamu zake.

Wazee walikutana, vitu vya posa vikarudishwa, na shangazi akanisusia. Majirani walimuuliza, naye akawajibu kwamba tuligombana kwa sababu ya mashine, na wao wakasema wasichana wa siku hizi wasomi wana mambo. Sikuwasahihisha. Nilikuwa nimechoka kueleza.

Kuna siku moja, muda mrefu baadaye, nilipokuwa nimeshaacha kiwanda na kupata kazi chuoni Nyegezi, tulikuwa uani tunachambua maharage. Shangazi aliuliza bila kunitazama, "Hivi yule mfagizi alikuwa msichana wa namna gani?"

"Msichana?" nilisema. "Shangazi, alikuwa mtu wa rika lako. Ana wajukuu."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Hukuniambia," alisema.

"Nilisema mama."

"Siku hizi kila mtu mama." Akatoa jiwe, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika. "Na shikamoo yake akaiitikia?"

"Akaitikia."

Shangazi alipepeta maharage, akayamimina kwenye sufuria, akaniambia nichochee moto kabla haujazimika.